Uliza Mfamasia: Dawa Ileile, Mbona Bei Mbili?

Toleo hili nimeliacha lote kwa bei za dawa. Meseji zimekuja nyingi mno na karibu zote zinalia kilio kimoja, dawa ipo, inajulikana, inatibu, ila hela ndo hamna. Maswali nimeyafupisha kidogo na majina nimeyatoa kama mlivyoomba.

SWALI: Shikamoo dada. Mume wangu alipata kidonda mguuni kikavimba, daktari akaandika Augmentin. Duka la kwanza wakanitajia elfu thelathini na mbili, nikatoka hata kuaga sijaaga. Duka la pili dada wa pale akanipa boksi lenye jina lingine kabisa, akasema ni hiyohiyo, elfu tisa. Nikachukua, ila usiku sikulala nawaza nimempa mume wangu feki. Ni ileile kweli? – Mama wa Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuuguza. Kama hilo boksi bado unalo lichukue ulisome. Yale maandishi makubwa ya rangi ni jina la biashara, kila kampuni inajitungia lake inavyotaka. Sasa angalia chini yake, kwenye maandishi madogo ambayo wengi hatuyasomi, utaona amoxicillin na clavulanic acid, na pembeni namba 500 na 125, ndo maana vile vidonge tunaviita 625. Ukikuta maneno hayo madogo na namba hizo vimelingana na vya kwenye cheti cha daktari, basi dawa ni hiyohiyo.

Bei zinatofautiana kwa sababu kampuni iliyoleta dawa ya kwanza inapewa patenti, yaani kwa miaka 20 hivi hakuna mwingine anaruhusiwa kuitengeneza bila idhini yao, na kama uko peke yako sokoni bei unajipangia. Muda ukiisha wengine wanaingia, hao hawakugharamia utafiti wa mwanzo, hawana matangazo makubwa, wanagombania wateja, bei inaporomoka. Hizo ndo tunaita jeneriki. Augmentin imeingia sokoni 1981, kwaiyo saivi watengenezaji wake ni wengi tu duniani, ile elfu thelathini na kitu unailipia jina.

Kuhusu feki, hofu yako ina msingi na sitaki kuipuuza. Mwaka 2022 kule Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa na WHO ikatoa tahadhari kuhusu dawa za kikohozi za maji zilizokutwa na sumu ya viwandani ndani yake. Ila ukitaka kujua kama dawa ni salama bei haikusaidii, maana hata ya bei kubwa inaghushiwa, tena wanaoghushi wanapenda majina makubwa. Angalia dawa imepitia wapi. Kwetu Tanzania TMDA, mamlaka ya dawa, ndo inasajili kila dawa kabla haijauzwa, na mtengenezaji wa jeneriki anatakiwa aonyeshe kwamba kidonge chake kina kiasi kilekile na kinafanya kazi kama cha kwanza. Mwaka 2018, wakati bado inaitwa TFDA, mamlaka hii ilikuwa ya kwanza Afrika kupewa na WHO daraja la tatu la ubora (yako manne, la nne ndo la juu), kwaiyo tusijidharau. Nunua famasi au Duka la Dawa Muhimu lenye kibali ukutani, dai risiti, soma tarehe ya kuisha. Hayo maduka ya Dawa Muhimu yalianzia Ruvuma mwaka 2003 ili mtu wa kijijini naye apate dawa halali karibu, siyo za kwenye kikapu stendi.

Jambo moja tu la kuwa nalo makini. Kuna dawa chache ambazo kuhama kampuni hovyohovyo si vizuri, mfano za kifafa, warfarin ya kuzuia damu kuganda, na ile ya tezi ya shingo. Hizo ukianza na ya kampuni moja ukapata nafuu, baki nayo, na ikibidi kuhama mwambie daktari akufuatilie. Amoxicillin haimo humo. Na siku nyingine mkiwa kwa daktari mwambieni tu kwa heshima, dokta naomba uniandikie jina la dawa yenyewe, nitatafuta ya uwezo wangu. Hatakasirika, orodha ya taifa ya dawa muhimu yenyewe imeandikwa kwa majina hayo.

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi naishi na VVU, natumia dawa bure kituoni miaka mingi sasa, afya iko poa kabisa. Kuna mzee mmoja kwenye kikundi chetu alisema zamani hizi dawa zilikuwa mamilioni na watu wakafa wanaziona. Nani alishusha bei? Na hii misaada ya Marekani iliyokatwa, bei itarudi kule? – Kijana wa Mwanza

JIBU: Salama kabisa mdogo wangu, na hongera kwa kumeza dawa bila kuruka. Huyo mzee kasema kweli tupu. Mwaka 2000 dawa za mtu mmoja kwa mwaka mmoja zilikuwa dola 10,000 na zaidi. Kwa nchi zetu hiyo ilikuwa ni hukumu ya kifo, na watu wakawa wanasema wazi kabisa kwenye mikutano mikubwa kwamba Afrika tuachane na matibabu tujikite kwenye kinga tu, kana kwamba waliokwisha kuambukizwa hawakuwa watu.

Mambo yalianza kubadilika India, na mzizi wake ni wa zamani. Mwaka 1970 India ilitunga sheria kwamba patenti haitolewi kwa dawa yenyewe, inatolewa kwa njia ya kuitengeneza tu, kwaiyo ukipata njia nyingine ya kufika palepale hakuna wa kukushtaki. Viwanda vyao vikakua kwa sheria hiyo kwa miaka thelathini na zaidi, mpaka 2005 walipolazimika kuibadilisha kufuata kanuni za Shirika la Biashara Duniani. Sasa Februari 2001 Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla akatangaza atawauzia Madaktari Wasio na Mipaka, shirika la misaada ya matibabu, dawa tatu za VVU kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka. Hebu fikiria, toka elfu kumi mpaka chini ya dola moja kwa siku. Hapo dunia nzima ikajua kwamba kutengeneza dawa hizi hakujawahi kugharimu elfu kumi.

Mwaka huohuo Afrika Kusini kampuni 39 za dawa zilikuwa zimeishtaki serikali kwa sababu ya sheria ya 1997, ya wakati wa Mandela, iliyoruhusu kutafuta dawa za bei nafuu. Wagonjwa wenyewe, Zackie Achmat na wenzake wa TAC, chama cha kudai matibabu ya VVU, wakaingia barabarani na fulana zao zimeandikwa "HIV Positive" kifuani, wakati ambao kusema hivo ungeweza kupigwa. Aprili 2001 kampuni zote zikaondoa kesi. Novemba mawaziri wa biashara wakakutana Doha wakakubaliana kwa maandishi kwamba kanuni za patenti zisizuie nchi kulinda afya ya watu wake. Mimi nikisoma habari za mwaka ule nalia, maana wengi waliopiga kelele hawakufika kuzimeza dawa zenyewe.

Kidonge unachomeza leo, kile kimoja chenye dawa tatu ndani yake, tenofovir, lamivudine na dolutegravir, hiyo dolutegravir ni dawa mpya bado ina patenti. Ila kampuni yenye nayo, ViiV, mwaka 2014 ilitoa leseni kupitia Medicines Patent Pool, mfuko ulioanzishwa 2010, ili viwanda vingine vitengeneze kwa ajili ya nchi zenye kipato kidogo. Viwanda vikawa vingi, wanunuzi wakubwa kama Global Fund, mfuko wa dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, wakanunua kwa pamoja, bei ikatoka dola 75 kwa mwaka ilipotangazwa 2017 mpaka chini ya dola 45 mwaka 2023. Kwa hela yetu ni kama laki moja na kitu, mwaka mzima.

Kwaiyo swali lako la pili, hapana, bei hairudi kule, kwa sababu iliyoishusha ni ushindani na leseni, siyo hisani ya mtu. Kilichotikisika toka Januari 2025 ni nani analipa hiyo laki moja na kitu, na nani anamlipa mshahara yule dada wa kituoni anayekupima na kukuandikia kadi. Hapo sitakudanganya, ni pigo kubwa na watu wameumia. Ila kwa bei hii serikali zetu zinaweza kuzinunua zenyewe zikiamua. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi kule Abuja asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya, na nchi nyingi hazijafika, na hilo tuwaulize wabunge wetu kwa majina yao. Wewe kwa upande wako usiruke dozi wala usimgawie mwenzako, na ukisikia kituo kinapungukiwa nenda mapema usisubiri kidonge cha mwisho.

Alafu nikuongezee kidogo, maana imenigusa. Kuna sindano ya kinga inaitwa lenacapavir, unachomwa mara mbili kwa mwaka. Waliifanyia utafiti kwa wasichana Uganda na Afrika Kusini, na kati ya zaidi ya 2,000 waliochomwa hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Marekani imeanza kuuzwa 2025 kwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Jeneriki yake imetangazwa kwa dola 40, ila kuanzia 2027. Wale wasichana walitoa miili yao kuchomwa ili dunia ijue inafanya kazi, wangestahili kuwa wa kwanza kwenye foleni.

SWALI: Asalaam aleikum binti yangu. Mimi ni mzee wa Likoni, nina maradhi ya sukari miaka mingi, natumia insulini. Pensheni ni ndogo. Daktari mpya amenibadilisha kutoka chupa akanipa kalamu, pesa yaenda mara tatu ya ile ya kwanza. Mjukuu wangu aniambia insulini iligunduliwa miaka mia iliyopita, sasa ni kwa nini mpaka leo ni ghali hivi? Na stima hapa hukatika kila siku, friji haina maana.

JIBU: Waaleikum salaam mzee wangu, Mungu akupe afya. Mjukuu wako ni msomaji. Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na Januari 1922 mtoto wa miaka 14 aliyekuwa anakufa akachomwa akaishi. Wagunduzi wakauza haki yao kwa chuo kikuu kwa dola moja moja ili dawa isije ikashikwa na mtu mmoja. Ikashikwa. Leo kampuni tatu, Novo Nordisk ya Denmark, Eli Lilly ya Marekani na Sanofi ya Ufaransa, zina zaidi ya asilimia 90 ya soko la dunia.

Sababu ya kwanza, insulini haitengenezwi kama panadol. Inazalishwa na viumbe hai, bakteria au hamira iliyobadilishwa, kiwanda chake ni ghali na anayetaka kuiga lazima afanye vipimo vyake upya, kwaiyo washindani ni wachache. Pili, kila patenti ya zamani inapoelekea kuisha inakuja aina mpya au kalamu mpya, na madaktari wanahamia huko. Aina mpya zina faida yake, sukari haishuki ghafla sana usiku kwa baadhi ya watu, ila kwa wagonjwa wengi ile insulini ya kawaida ya chupa, waita human insulin, yatosha, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO. Rudi kwa daktari mzee wangu, umwambie kwa kinywa chako, pesa sina, naomba nirudi kwenye chupa kama yawezekana. Pengine hajui hali yako. Asikubadilishe mtu wa duka, abadilishe yeye, maana vipimo hutofautiana. Na tafadhali sana, usipunguze yuniti ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Hilo ndilo linaloleta koma na vidonda, afadhali ukope.

Na uulize bei hospitali za misheni pia. Nyingi huko Kenya huchukua dawa MEDS, shirika la makanisa lililoanzishwa 1986 la kununua kwa pamoja, na mara nyingi wako chini ya famasi za mjini, hata kwako wewe Muislamu mlango ni uleule.

Friji sasa. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima insulini kwa hali halisi ya kambi ya Dadaab, hapohapo Kenya, joto likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, na kwa wiki nne haikupoteza nguvu kwa kiasi cha kudhuru. Matokeo yakatoka 2021. Kwaiyo chupa unayotumia iweke kwenye mfuko usiopitisha maji, uning'inize ndani ya mtungi wa udongo penye kivuli, na baada ya wiki nne toka uifungue usiitumie tena. Chupa ambazo hazijafunguliwa omba kituo wakuwekee, uchukue moja moja. Usiiweke kwenye friza hata siku moja, ikishaganda imekufa.

Kitu kingine ambacho hukuuliza ila najua kinakula pensheni, zile strip za kupimia. Watu hupewa mashine kwa bei ya chini sana, hata bure, kumbe kila mashine hula strip zake tu, na strip ndizo pesa. Kabla ya kukubali mashine yoyote muulize mwenye duka, boksi la strip hamsini ni shilingi ngapi, na huku kwetu Likoni zapatikana?

SWALI: Jambo dada. Hapa Kindu tunaona dawa ya malale wanapeana bure, kabisa bila franka, lakini mtoto akipata homa ya kawaida dawa tunalipa. Ni vipi ile ya ugonjwa mkubwa iwe bure na ile ya kidogo tulipe? – Mama wa Maniema

JIBU: Jambo mama. Kwa miongo mingi malale iliyofika kwenye ubongo ilitibiwa kwa melarsoprol, sindano yenye asili ya arseniki, ile sumu, na inachoma mishipa kama moto. Kati ya kila wagonjwa 20 karibu mmoja aliuawa na dawa yenyewe. Ilikuwepo nyingine, eflornithine, iliyofanya kazi vizuri, ila wagonjwa wake walikuwa masikini wa vijijini kwenu na kwa jirani zenu, kampuni ikaacha kuitengeneza miaka ya 90 kwa sababu haina faida. Ikarudi kwa makubaliano na WHO mwaka 2001, wakati ambapo dawa hiyohiyo ilikuwa imeshapata soko kama krimu ya kuzuia nywele usoni kwa wanawake wa nchi tajiri. Hilo likisemwa linatosha kukasirisha mtu siku nzima.

Hapo ndo watu wakaona soko peke yake haliwezi kuwatibu wasio na hela. Mwaka 2003 ikaundwa DNDi, taasisi ya utafiti isiyofanya biashara, na kwa kushirikiana na Sanofi na madaktari wenu wa Kongo waliosafiri na vifaa kwenye mitumbwi na pikipiki, wakapata fexinidazole, vidonge tu vya kumeza siku kumi, vikaidhinishwa 2018. Inatolewa bure kupitia WHO. Kwaiyo mama, ile ni bure kwa sababu hakuna ambaye angeweza kuinunua na watu walipigania iwe hivo. Dawa ya homa inauzwa kwa sababu mnunuzi yupo, hata kama anauza kuku wake kuipata. Ila kama homa ya mtoto ni malaria, kipimo na dawa ya mseto mara nyingi vinaletwa na Global Fund na vituo vingi vinatakiwa kuvitoa bure au kwa hela kidogo sana, waulize kituoni kwenu kwa nini mnalipa, na mwende mkiwa wengi.

SWALI: Dada, zahanati yetu kila ukienda "dawa hakuna, kanunue nje". Nina bima. Bima ya nini sasa? – Dodoma

JIBU: Hasira yako naielewa. Vituo vya serikali vinaagiza Bohari ya Dawa, MSD, na MSD wakiwa hawana, au kituo kikiwa na deni, basi wewe ndo unapelekwa nje. Ila mkoa wenu ndo ulioanzisha suluhisho moja zuri, Jazia, mwaka 2014. Kituo kikikosa dawa MSD, maagizo ya vituo vyote vya mkoa yanakusanywa yanapelekwa kwa msambazaji mmoja aliyeshinda zabuni, kwa bei iliyokubaliwa, badala ya kila mganga kwenda kununua kivyake kwa bei ya rejareja. Kuanzia 2018 ukaenea nchi nzima. Kwaiyo kuna swali la kumuuliza mganga mfawidhi au kamati ya kituo, ambayo ina wajumbe wa kuchaguliwa toka kwa wananchi, na wewe unaweza kuwa mmoja. Dawa ilikosekana MSD lini, na agizo la Jazia lilipelekwa lini? Ukiuliza hivo utajibiwa tofauti na ukilalamika dirishani. Na kabla hujatoka pale mwambie aandike kwenye karatasi kwamba dawa haipo, upeleke ofisi ya bima uulize famasi gani ya mkataba itakupa bila kulipa.

SWALI: Sasa dada. Niko campus Eldoret nasoma famasia. Lecturer anasema Afrika inaagiza dawa zake nyingi kutoka nje. Si tukitengeneza wenyewe zitakuwa cheap?

JIBU: Poa mdogo wangu, karibu kwenye kazi. Swali lako ni zuri ila jibu linauma kidogo, siyo lazima ziwe rahisi, walau mwanzoni. Kiwanda cha Nairobi au Dar kinaagiza malighafi, ule unga wenyewe wa dawa, toka India na China, wakati mshindani wake wa India anaununua mtaa wa pili na anatengeneza kwa soko la watu zaidi ya bilioni. Alafu bila kibali cha ubora cha WHO wanunuzi wakubwa hawakugusi, na kukipata ni miaka na mamilioni. Umeme nao unaujua.

Ila inawezekana, na ushahidi uko karibu na wewe. Universal Corporation pale Kikuyu walipata kibali cha WHO kwa kile kidonge cha tatu kwa kimoja cha VVU mwaka 2023, na 2025 Global Fund ikanunua kwao kupeleka Msumbiji, mara ya kwanza kwa mfuko huo kununua dawa hiyo ya mstari wa kwanza, yaani ile mgonjwa anaanza nayo, toka kiwanda cha Afrika. Uganda kuna kiwanda cha Luzira kilichofunguliwa 2007 kwa ushirikiano na Cipla, kinatengeneza ARV, yaani dawa za VVU, na dawa za malaria. Sheria nazo zina nafasi ambayo hatuitumii sawasawa. Nchi zinazohesabiwa masikini zaidi, Tanzania na Uganda zimo, hazilazimiki kulinda patenti za dawa mpaka 2033. Kenya haimo, ila mahakama zenu zimeshaonyesha njia. Wakenya watatu wanaoishi na VVU walipinga sheria ya 2008 ya bidhaa bandia kwa sababu ilivyoandikwa jeneriki halali ingeweza kukamatwa kama feki, na Aprili 2012 Mahakama Kuu ikawapa haki, ikasema haki ya kuishi inatangulia mali ya kampuni. Isome hukumu hiyo kabla hujamaliza shule.

Ninachoamini mimi, kiwanda kinahitaji mnunuzi wa uhakika kabla ya msamaha wa kodi. Serikali za Afrika Mashariki zikinunua kwa pamoja na kusaini mkataba wa miaka mitano, mwenye kiwanda ataongeza mashine na bei itashuka. Tukiendelea kila nchi kuagiza kivyake, tena kwa kuchelewa kulipa, mwenye kiwanda anaweka bei ya kujikinga na hasara ya kulipwa baada ya mwaka. Na faida ya kiwanda cha nyumbani siyo bei pekee, mwaka 2020 na 2021 wakati wa korona tuliona wenye viwanda wanafunga milango wanajihudumia wao kwanza.

SWALI: Dada mimi niko Muscat, mama yangu yuko Zanzibar ana presha. Namtumia dawa za huku kwenye sanduku kila mtu akirudi, naona za huku bora. Nafanya sawa?

JIBU: Nia yako nzuri na mama ana bahati ya kuwa na mtoto kama wewe, ila kuna hatari moja nimeiona kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Mama anapewa amlodipine kliniki kwa jina moja la kampuni, sanduku linakuja na amlodipine ya jina lingine, yeye anaona ni dawa mbili tofauti anazimeza zote, presha inashuka anaanguka chooni. Mpigie leo, mwombe mtu anayesoma apige picha maboksi yote yaliyoko kwenye kabati akutumie, ulinganishe yale maandishi madogo na namba zake. Amlodipine na losartan ni dawa za zamani, jeneriki zake Unguja ni bei ndogo na zimesajiliwa, kwaiyo ukimtumia hela ya dawa badala ya dawa zenyewe atapata ileile kila mwezi bila kusubiri msafiri, na ikibaki anunue mashine ya kupimia presha, ile ya mkono wa juu, siyo ya kwenye kifundo cha mkono.